Kabla Hujampandisha Kijibwa Chako

Huku Ihanda mbwa ni mlinzi. Analala nje, anakula ugali na makombo, na jike akizaa chini ya ghala la mahindi hakuna anayejua mpaka watoto waanze kutoka wenyewe. Mimi ni bwana mifugo, na kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe, nguruwe na kuku. Lakini siku hizi naitwa pia kwa vijibwa wa ndani: Chihuahua, Maltese, Pomeranian. Wenyewe huniuliza, "Daktari, nimpandishe lini?" Nami huwauliza: akishindwa kuzaa saa nane za usiku, nani atampasua, na yuko wapi?

Siulizi ili kuwatisha. Vijibwa hawa walipunguzwa umbo na watu, kizazi baada ya kizazi. Malkia Victoria wa Uingereza alinunua Pomeranian nchini Italia mwaka 1888. Mapenzi yake yakawapa umaarufu, wafugaji wakazidi kuchagua wadogo, na leo wengi wana kilo 2 au 3 tu. Nyonga ya mama ni nyembamba, kichwa cha mtoto ni kikubwa. Mara nyingi mimba ina mtoto mmoja au wawili, na akiwa peke yake hunenepa tumboni hata asipite.

Mwaka mmoja nililetewa jike aliyepandwa na mbwa wa ulinzi wa jirani. Alikuwa amesukuma usiku kucha, mwenyewe akingoja kukuche. Ng'ombe anaweza kupasuliwa akiwa amesimama, kwa ganzi ya ubavuni. Kijibwa anataka dawa ya usingizi iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa, chumba cha upasuaji na mtu wa kumlindia joto. Mimi sina. Tulimpakia kwenye gari kwenda Mbeya, tukakwama nyuma ya malori yanayotoka Tunduma. Alikufa njiani na watoto wake tumboni.

Basi hesabu siku. Mimba huchukua kama siku 63. Zikikaribia, mpime joto kila siku. Likishuka chini ya nyuzi 37, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au zikipita saa 2 tangu mtoto wa kwanza na wa pili hajaja, au ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto yeyote, ondoka hapo hapo. Usivute mtoto. Usimchome sindano ya kuongeza uchungu kwa kubahatisha: njia ikiwa imeziba, kizazi kinaweza kupasuka.

Akizaa salama, baridi yetu ya Juni na Julai inangoja. Mtoto mchanga hawezi kujitunzia joto. Mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitenge, mwachie na nafasi ya kusogea mbali nayo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua mbwa na watu. Mtoto akikosa maziwa kwa saa chache sukari mwilini hushuka, analegea, anatetemeka. Mpake asali kidogo kwenye ufizi, kisha mkimbize kwa daktari.

Mama naye mwangalie wiki 3 au 4 za kwanza. Akihema haraka, akatembea kwa kukakamaa, akatetemeka, madini ya chokaa yamemwishia damuni kwa kunyonyesha, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wengine humlisha vidonge vya chokaa tangu ana mimba wakidhani wanamkinga. Vinamdhuru: mwili unazoea kupewa, unachelewa kuyatoa madini hayo kwenye mifupa wakati wa haja.

Jike mwenye goti linalohama au utosi usiofunga asipandishwe kabisa, hata kama wanunuzi wanamtaka kwa udogo wake. Kasoro hizo huweza kurithiwa na watoto. Anayeuza awe tayari pia kumpokea tena mtoto asiyepata matunzo, na asimtoe kwa mama kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa cha mbwa ifuate akifikisha miezi 3.

Kama daktari wa upasuaji hafikiki kwa saa moja au mbili, ushauri wangu ni kutompandisha. Mfungie ndani akiwa kwenye joto, au mpeleke akafungwe kizazi. Dume akihasiwa, apewe ganzi na usingizi kwa mkono wa daktari. Wembe wa nyuma ya nyumba ni mateso, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.