AT&T na majina ya televisheni yake

Mmarekani aliyejiunga na DirecTV Now mwishoni mwa 2016 alijikuta mwaka 2019 akilipia AT&T TV Now, na kufikia mwisho wa Agosti 2021 akilipia DirecTV Stream. Hakuwa amehama kampuni, wala hakuomba kifurushi kingine. Ili kuelewa kilichotokea, yafaa kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo jina la huduma ya televisheni laweza kubeba: njia ambayo picha hupita, mwenye mali, na masharti ya malipo.

Tuanze na njia. AT&T ni kampuni ya simu, na mwaka 2006 ilipoingia katika televisheni mjini San Antonio, Texas, ilitumia ilichokuwa nacho. Mkongo wa nyuzi za kioo ulifika hadi kwenye kabati la mtaani, na kutoka hapo picha zikasafiri kwa waya wa shaba wa simu hadi nyumbani. Waya wa shaba ni mwembamba kwa kazi hiyo. Hauwezi kubeba chaneli zote kwa pamoja. Kwa hiyo king'amuzi kilipeleka ombi, na mtambo ukaleta chaneli iliyoombwa tu. Huduma hiyo iliitwa U-verse. Jina hilo lilikuwa jipya na halikuwa na historia, lakini lilikuwa na sifa moja njema: lilitaja kitu kimoja.

DirecTV ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilianza mwaka 1994 chini ya kampuni ya Hughes, ikirusha chaneli kutoka setilaiti hadi kwenye dishi dogo juu ya paa. Setilaiti hurusha mawimbi yaleyale kwa kila nyumba, iwe mjini au shambani, na ndiyo maana huduma hiyo iliweza kukusanya wateja wapatao milioni 20 nchini Marekani. Idadi hiyo ndiyo AT&T iliyoitamani. Wenye chaneli hutoza kwa kila mteja, na mnunuzi mkubwa hupunguziwa bei. U-verse, yenye wateja kama milioni 6, ilikuwa ikinunua kwa bei ya mnunuzi mdogo. Julai 2015 AT&T ikainunua DirecTV kwa takriban dola bilioni 49, bila kuhesabu madeni.

Hapa ndipo jina lilipoanza kutengana na kitu. Novemba 2016 kampuni ilianzisha DirecTV Now, huduma inayopita kwenye intaneti yoyote, bila dishi wala fundi wa kupanda paani. Ilipewa jina la kampuni ya madishi kwa sababu ndilo lililoaminiwa na watu. Masharti nayo yalikuwa mepesi: hakuna mkataba, na mwanzoni chaneli zaidi ya 100 zilitolewa kwa dola 35 kwa mwezi. Ila bei hiyo haikuweza kubeba gharama za chaneli zenyewe. Ilipopandishwa na punguzo kukatwa, wateja waliofikia karibu milioni 1.9 mwaka 2018 walianza kuondoka kwa kasi.

Katikati ya 2019 huduma hiyo ikaitwa AT&T TV Now. Wakati uleule AT&T ilikuwa ikijaribu AT&T TV, ambayo ilienea nchi nzima Machi 2020. Msomaji azitazame vizuri hizi mbili. Zote zilipita kwenye intaneti, na mwenye mali alikuwa mmoja. Kilichozitofautisha ni masharti: moja haikuwa na mkataba, nyingine ilikuja na king'amuzi chake na mkataba wa miaka miwili. Tofauti kubwa kiasi hicho kwa mfuko wa mteja ilibebeshwa neno moja, "Now", ambalo kwa Kiingereza ni "sasa" na halisemi lolote kuhusu mkataba. Januari 2021 AT&T TV Now ilifungwa kwa wateja wapya.

Kisha mwenye mali akabadilika. Agosti 2021 setilaiti, U-verse na AT&T TV zilihamishiwa kampuni mpya iitwayo DirecTV, AT&T ikibaki na asilimia 70 na mwekezaji TPG akichukua asilimia 30. Kampuni hiyo ilithaminiwa dola bilioni 16.25. AT&T TV ikawa DirecTV Stream, na jina la dishi likarudi juu ya huduma isiyo na dishi.

Je, majina ndiyo yaliyofukuza wateja, kutoka zaidi ya milioni 25 baada ya ununuzi hadi takriban milioni 15.4 mwaka 2021? Haki inataka tuseme hapana. Televisheni ya kulipia yote nchini Marekani ilikuwa ikipoteza watu kwa Netflix na wenzake, na bei zilikuwa zikipanda. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kosa la AT&T lilikuwa zito. Kila njia, mwenye mali au masharti yalipobadilika, jina ndilo lililogeuzwa, na mteja akaachiwa kazi ya kugundua ni lipi kati ya hayo matatu limemgusa. Katika soko linalosinyaa, anayebaki hubaki kwa sababu anajua anashughulika na nani, na ujuzi huo ndio aliokuwa akinyang'anywa kila baada ya miaka miwili hivi.

Julai 2025 AT&T ilikamilisha kumuuzia TPG asilimia 70 iliyobaki.