Kalenda ya Kioo Mahiri Inapokosea: Kagua Saa, Kagua Anwani, Linda Siri ya Ratiba Yako

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi aliyepangiwa kliniki saa nne asubuhi anaweza kutazama kioo mahiri cha nyumbani kwake na kukuta miadi hiyo imeandikwa 04:00, au haipo kabisa. Wengi hudhani kifaa kimeharibika, ilhali mara nyingi ni kizima na kilichokosewa ni mpangilio mmoja tu. Makala haya yanaeleza namna ya kulitambua kosa hilo na kulirekebisha bila kuianika ratiba ya familia kwa watu wasiohusika.

Kioo mahiri ni kioo cha kujitazamia chenye skrini nyuma yake, kinachoonesha saa, hali ya hewa, habari na ratiba. Miongoni mwa programu zinazotumika sana katika vioo vinavyoundwa nyumbani ni MagicMirror², programu huria iliyoanzishwa na Mholanzi Michael Teeuw, ambayo aghalabu huendeshwa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Sehemu yake ya kalenda, iitwayo moduli, haitungi ratiba yenyewe. Huisoma kutoka kwenye kalenda ya mtumiaji iliyoko mtandaoni, kupitia anwani inayotoa taarifa katika muundo wa iCalendar. Kwa sababu hiyo, kosa linaweza kuwa katika mojawapo ya sehemu tatu: kalenda ya asili, anwani, au kioo chenyewe.

Tofauti ya saa 3 na tofauti ya saa 6

Hatua ya kwanza ni kulinganisha saa ya kioo na saa ya simu. Tanzania hutumia Saa za Afrika Mashariki, ambazo mwaka mzima huwa mbele ya saa za kimataifa (UTC) kwa saa 3. Iwapo saa ya kioo na miadi yote vimerudi nyuma kwa saa 3, kompyuta ya kioo haijawekewa saa za eneo letu. Ingia katika mipangilio yake na uchague Africa/Dar_es_Salaam.

Iwapo saa ya kioo iko sahihi lakini miadi imerudi nyuma kwa saa 6, kosa limo katika kalenda ya asili. Aliyeingiza miadi ameandika saa nne asubuhi kuwa 4:00 badala ya 10:00, kwa kufuata hesabu ya saa ya Kiswahili. Kosa hili lina madhara makubwa zaidi, kwa kuwa moduli kwa kawaida huondoa tukio ambalo muda wake umepita. Miadi iliyoandikwa 4:00 hutoweka kabla familia haijaamka. Marekebisho yafanyike kwenye simu au kompyuta ilikoandikiwa, si kwenye kioo.

Ikiwa saa ya kioo imepotea kabisa baada ya umeme kukatika, kagua intaneti. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa inayojiendesha kwa betri, hivyo hutegemea mtandao kupata muda sahihi.

Kalenda inapokuwa tupu

Nakili anwani ya kalenda na uifungue katika kivinjari cha kompyuta. Likipakuliwa faili linaloanza na maneno BEGIN:VCALENDAR, anwani ni nzima na kosa litafutwe kwenye kioo. Ukifunguka ukurasa unaodai nywila au unaoonesha hitilafu, anwani siyo sahihi. Kosa la kawaida ni kunakili anwani ya ukurasa wa kalenda badala ya anwani ya iCal inayopatikana ndani ya mipangilio ya kalenda husika.

Tukio jipya kuchelewa kuonekana si hitilafu, kwa kuwa moduli husoma kalenda kwa vipindi, si papo hapo. Aidha, isipoelekezwa vinginevyo, huonesha matukio 10 pekee, hivyo yaliyo mbali zaidi hayatatokea. Endapo skrini imekuwa nyeusi mara baada ya kuhariri faili la mipangilio, kagua kama umesahau mkato au mabano. Amri ya npm run config:check husaidia kuonesha mstari wenye kosa.

Sikukuu zisizo zetu

Faili la mfano linaloambatana na programu hii lina kalenda ya sikukuu za Marekani. Mtumiaji asiyeiondoa ataona sikukuu za Taifa hilo na kukosa Saba Saba, Nane Nane au Siku ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 14 Oktoba. Iondoe na uweke kalenda ya sikukuu za Tanzania. Hata hivyo, tarehe za Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, hivyo zinazooneshwa mapema ni makadirio. Tangazo rasmi ndilo la kufuatwa.

Anwani ya siri ni ufunguo

Kalenda binafsi husomwa kupitia anwani ya siri. Yeyote aliyenayo anaweza kuisoma ratiba yote bila kuulizwa nywila: siku za kliniki, muda wa watoto kutoka shule, na siku ambazo nyumba haitakuwa na mtu. Watumiaji wengi wanapoomba msaada hutuma faili zima la mipangilio kwenye kundi la simu, na anwani hiyo ikiwa ndani yake. Ifute kabla ya kutuma. Ikiwa imekwishasambaa, ibadilishe katika mipangilio ya kalenda ili ya zamani isifanye kazi tena, kisha uweke mpya kwenye kioo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kioo cha sebuleni husomwa pia na wageni. Inashauriwa kufungua kalenda mbili, moja ya shughuli za kawaida za familia itakayooneshwa kwenye kioo, na nyingine ya matibabu na masuala ya faragha itakayobaki kwenye simu ya mhusika.