Jinsi ya kufikisha salama chupa ya pombe kutoka ng'ambo

MSAFIRI anayerejea nyumbani kutoka ng'ambo na chupa ya wiski aliyomnunulia baba mkwe huwa na hofu moja kuu: isije ikavunjika njiani. Kwa hivyo huitia katika mkoba wa mkononi na kuikumbatia kama mtoto mchanga. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, kwani chupa iliyobebwa hivyo aghalabu haifiki hata mlangoni pa ndege.

Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitibua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu hapo, viwanja vingi ulimwenguni vimemzuia abiria kupita ukaguzini na chombo cha kioevu kinachozidi mililita 100. Chupa iliyonunuliwa mjini, hata ikiwa haijafunguliwa, huachwa papo hapo. Baadhi ya viwanja vyenye mitambo mipya vimelegeza masharti hayo, lakini anayebadilisha ndege hukaguliwa tena kwingineko.

Inayosalimika ni ile iliyonunuliwa katika duka lisilotoza ushuru ndani ya uwanja. Muuzaji huitia katika mfuko angavu uliofungwa kwa lakiri, risiti ikionekana ndani. Mfuko huo haufai kufunguliwa hadi mwisho wa safari. Anayeufungua ili amwonyeshe jirani yake kitini, kisha abadilishe ndege Doha au Addis Ababa, huenda akaagana na wiski yake huko. Afadhali kununua katika kituo cha mwisho.

Ajabu ni kwamba mfuko huo uliookoa chupa ughaibuni hautakikani Nairobi. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Agosti 28, 2017, abiria hutakiwa kuuacha uwanjani. Chupa hupita, mfuko hubaki.

Aliyenunua mjini hana budi kutumia sanduku linaloingizwa katika tumbo la ndege. Wapo wanaoamini kuwa hewa ya huko juu hupasua chupa. Si kweli. Sehemu ya mizigo katika ndege za abiria hudhibitiwa hewa kama wanakoketi watu, na hewa hiyo kwa kawaida haiwi nyepesi kuliko ya mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi. Mji wa Eldoret umepita mita 2,000, na mvinyo hupandishwa huko kwa lori kutoka Mombasa bila kupasuka.

Kinachovunja chupa ni sanduku kutupwatupwa. Ivikwe soksi nene, izungushiwe sweta au taulo, kisha ilazwe katikati ya nguo laini, mbali na viatu, ukingo wa sanduku na chupa nyingine. Iliyokwisha kufunguliwa ni heri iachwe. Kifuniko chake hakiaminiki.

Nguvu ya kinywaji nayo huzingatiwa. Chenye kileo cha kati ya asilimia 24 na 70 hakipaswi kuzidi lita tano kwa kila abiria, tena kiwe katika chupa yake ya dukani. Kinachozidi asilimia 70 hakibebwi kabisa.

Hatimaye msafiri hukutana na maafisa wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 humruhusu kuingiza bila ushuru lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo. Kwa kuwa chupa ya kawaida ya mvinyo ni mililita 750, mbili zinapita lakini ya tatu inavuka mpaka. Aliyezidisha anafaa kutangaza mwenyewe na kulipia ziada, kwani anayeficha huhatarisha kunyang'anywa.

Mume na mke kila mmoja ana kiwango chake. Kijana wao wa miaka 16, hata akiwa na pasipoti yake mkononi, hahesabiwi hata tone.