Gesi yaongezeka, migunga yasonga nyasi

Ukitoka Naitiri penye mashamba ya mahindi, upite Kitale na Kapenguria na kuteremka hadi Marich, utaingia nchi kame ya migunga. Je, wajua kwamba moshi wa magari na viwanda huigusa hata miti hiyo?

Mwaka 1958, vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilionyesha sehemu 315 hivi za kaboni dioksidi katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 zilipita 420. Mimea huvuta gesi hiyo kupitia vitundu vya majani ili kutengeneza chakula. Ikiwa nyingi, vitundu havifunguki sana, na maji kidogo hupotea. Mgunga mchanga hupata nguvu ya kuteremsha mizizi na kuchipua tena baada ya moto.

Nyasi nyingi za nchi za joto, sawa na mahindi, zina njia yao ya kukusanya gesi hiyo, hivyo nyongeza haizifai kama inavyofaa miti. Vichaka vikisongamana, nyasi hukosa mwanga. Mbuzi na ngamia watakula majani ya miti, ng'ombe je?

Si gesi pekee. Malisho yakitumiwa kupita kiasi, vichaka pia huenea. Na mvua ikikosekana, hata mgunga hunyauka. Basi ukiona kijani kimezidi, usikimbilie kushangilia. Tazama kwanza kama ni nyasi.