LUKU: Zile namba 60 zilikuwa za nini?

Mwaka 2024 wateja wa TANESCO walinunua umeme wakaletewa namba 60 badala ya 20. Ukizoea 20, lazima ushtuke. Hawakuwa matapeli.

Tatizo lilikuwa saa. Kila tokeni hubeba muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Ndivyo mita inavyotambua tokeni iliyokwisha kutumika, ukiiingiza tena inagoma. Ila nafasi ya hesabu hiyo ni finyu, inabeba dakika milioni 16.7 hivi, na ilijaa Novemba 24, 2024. Kenya na Afrika Kusini, zinazotumia mfumo huohuo, nazo zilikuwa na kibarua hicho.

Mafungu mawili ya kwanza yalibadili ufunguo wa mita, ikaanza kuhesabu upya. La tatu ndilo lenye yuniti. Na kama una tokeni ya kabla ya hapo uliyoisahau kwenye simu, haiingii tena.

Kwa nini TANESCO wasibadilishe wakiwa ofisini? Kwa sababu mita hizi haziongei na mtu. Ni wewe na vidole vyako.

Mita janja inaongea. Yuniti zinaingia zenyewe, na umeme ukikatika ofisi inaweza kujua kabla hujapiga simu. Lakini pia unaweza kukatiwa kwa mbali, na kumbukumbu za matumizi zinaonyesha saa ambazo nyumba haina mtu. Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.