Kiwanja Kimoja, Ngumi Nyingi: Fani na Maudhui katika Gemu ya Kijapani

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa gemu za video ni mambo ya watoto, na kwamba mwanafunzi wa fasihi anayezijadili anapoteza wino bure. Mimi nasema hapana. Nitaitazama gemu moja ya Kijapani, Yakuza 0, iliyotolewa na kampuni ya Sega mwaka 2015. Fani na maudhui, yale tunayohubiriwa darasani kila siku, yamo humo, tena yamefungamana kwa namna ambayo riwaya haiiwezi kirahisi.

Kwanza, aina yenyewe. Katika gemu hizi mchezaji humwongoza mhusika kwenye mapigano ya papo kwa papo, na wakati huohuo humkuza, akimwongezea nguvu na mbinu kadiri hadithi inavyosonga. Nyingi za jamii hii zimejaa majoka na mapanga. Mfululizo huu, ulioanza Japani mwaka 2005, uliyaacha hayo ukaingia mjini. Mandhari yake makuu ni Kamurocho, mtaa wa kubuni ulioigwa kutoka Kabukicho, mtaa halisi wa baa na starehe huko Shinjuku, Tokyo. Tena mwandishi wa riwaya, Hase Seishu, aliyekwisha kuandika juu ya Kabukicho katika Fuyajo (1996), alishiriki kuandaa hadithi ya gemu ya kwanza. Basi fasihi ilikuwamo tangu mwanzo.

Yakuza 0 inaturudisha mwaka 1988. Enzi hizo bei ya ardhi Tokyo ilikuwa imepanda kupita kiasi, na wahuni walitumiwa kuwatisha wenye nyumba mpaka wauze. Mgogoro wa hadithi ni kiwanja kitupu, kidogo mno, kilichojificha uchochoroni. Wakubwa watatu wa genge la Dojima wanakigombea, maana atakayekipata atapandishwa cheo. Kijana Kiryu Kazuma anasingiziwa mauaji yaliyotokea hapo. Kule Osaka, Majima Goro anaamriwa amuue Makimura Makoto, msichana kipofu aliyerithi kiwanja hicho. Dhamira iko wazi: tamaa ya mali imeufanya utu kuwa bidhaa.

Sasa njoo kwenye fani. Ukimpiga adui barabarani, noti zinamruka mwilini. Na mbinu mpya za kupigana unazinunua kwa yen hizohizo! Riwaya ingekuambia kuwa tamaa ni mbaya, nawe ungetikisa kichwa kukubali, ukafunga kitabu, ukalala. Hapa mkono wako mwenyewe ndio unaookota. Pesa zikipungua, unazurura mtaani ukitafuta wa kumpiga. Umeanza kufanana na wale wakubwa watatu, na hakuna aliyekulazimisha.

Visa vidogo vya pembeni navyo vinaendeleza dhamira hiyohiyo kwa ucheshi. Kuna mtoto aliyenyang'anywa gemu yake mpya. Kiryu anamfuata mwizi, kumbe naye kaibiwa, na aliyemwibia naye kaibiwa, mpaka inagundulika kuwa mali imeishia mikononi mwa baba yake mtoto yuleyule. Ukicheka, umecheka hadithi ya kiwanja ikiwa imepunguzwa ukubwa.

Wenzangu hunibishia kuwa noti zile ni kichekesho tu, na kwamba gemu haimwadhibu mchezaji mwenye uchu. Kinyume chake, mwenye hela ndiye anayeshinda upesi. Hoja hii ina uzito, na kwangu huo ndio udhaifu mkubwa wa kazi hii. Hadithi kuu inalia, huku mtaa unacheka na kulipa mshahara.

Hata hivyo, wanasahau kinaya. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni mwishoni mwa Desemba 1989, kisha likaporomoka, na bei za ardhi zikafuata katika miaka ya 1990. Mchezaji anayajua hayo, wahusika hawayajui. Kila noti anayoiokota ni ya uchumi unaokaribia kuanguka, na kiwanja kinachomwagiwa damu kitapoteza thamani yake. Adhabu ambayo gemu haikuitoa, historia imeitoa. Anayesema hii si kazi ya kuhakikiwa, na atuonyeshe kwanza ni kipengele gani cha uhakiki kilichokosekana.