Mwandishi Aliyekisogeza Kisiwa Hadi Ikweta

Mwaka 1979 Arthur C. Clarke alichapisha riwaya iitwayo The Fountains of Paradise, na mwishoni akaweka maelezo mafupi ambayo wasomaji wengi huyaruka. Humo anasema, bila haya hata kidogo, kwamba kisiwa alichokiita Taprobane ni Sri Lanka yenyewe, ila amekifanyia marekebisho machache. Amekisukuma kusini kama kilomita 800 ili ikweta ikikate katikati. Mlima wake mtakatifu, ambao kwa kweli una mita 2,243, ameuongeza kimo mara mbili. Mengine, kwa sehemu kubwa, ameyaacha yalivyo.

Watunzi huhamisha miji, mito na hata falme bila kumwambia mtu. Clarke aliona lazima atoe hesabu yake. Alikuwa amesomea fizikia na hisabati King's College, London, na katika kazi zake zote kulikuwa na kanuni moja asiyopenda kuivunja: msomaji aweze kuchukua kalamu na kukagua. Kisiwa kingeweza kuhama. Sheria za mwendo zingebaki palepale.

Kilichomlazimu ni lifti ya kwenda angani. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo aliye chini huiona imesimama. Ndiyo maana fundi akishalielekeza dishi lako juu ya bati na kukaza skrubu, halihitaji kuguswa tena. Sasa teremsha kebo kutoka kwenye setilaiti hiyo hadi ardhini, na nyingine uirefushe upande wa nje ili uzito ulingane. Kebo itasimama imekazwa kama kamba ya kombeo linalozungushwa, na vyumba vya abiria vitapanda juu yake bila roketi. Lakini setilaiti ikiwekwa nje ya mstari wa ikweta haisimami. Kila siku itakuwa ikipanda kaskazini na kushuka kusini. Lifti inaitaka ikweta, na Sri Lanka haiko kwenye ikweta.

Hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapokwama. Kilele cha Batian katika Mlima Kenya kina mita 5,199, na kutoka hapo hadi ikweta hakuna hata kilomita 20. Mlima upo, mstari upo, barabara ya Nanyuki ipo. Kwa nini mtu aburute nchi nzima baharini badala ya kuja mahali ambapo kila kitu kimeshawekwa?

Jibu moja ni la kifizikia, nalo ni zuri. Dunia si tufe kamili. Hata ikweta yenyewe si duara sawasawa. Kutokana na hitilafu hiyo ndogo, setilaiti isiyorekebishwa mwendo wake huvutwa polepole kuelekea sehemu mbili tulivu, moja karibu na longitudo 75 mashariki na nyingine karibu na 105 magharibi. Sri Lanka iko longitudo 80 mashariki, jirani kabisa na sehemu ya kwanza. Mlima Kenya uko 37. Na kimo cha mlima, katika safari ya kilomita 36,000, ni kama hakuna.

Jibu la pili halina hesabu. Clarke, Mwingereza wa Somerset aliyezaliwa 1917, alihamia kisiwa hicho mwaka 1956 kwa ajili ya kuzamia kwenye miamba ya matumbawe, akaishi huko hadi kifo chake Machi 2008. Maradhi yaliyodhoofisha miguu yake hadi akatumia kiti cha magurudumu hayakumzuia kuingia majini, ambako uzito wa mwili haukumsumbua. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa namna hiyo alianza na jedwali la longitudo ndipo akagundua kwamba limeangukia nyumbani kwake. Fizikia ilimpa ruhusa. Mapenzi ndiyo yaliyomtuma.

Hata hivyo, anga ya huku kwetu alikuwa ameipitia zamani, na hili ndilo lisilotajwa sana.

Oktoba 1945, akiwa ofisa kijana wa rada katika jeshi la anga la Uingereza, alichapisha makala katika jarida la Wireless World. Alipendekeza vituo vitatu vya kurushia matangazo, vyote katika kimo kile ambacho setilaiti huonekana imesimama, vikigawana dunia nzima. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alilipwa pauni 15, na baadaye aliandika kwa utani jinsi alivyopoteza utajiri kwa kutosajili wazo hilo. Leo mzingo huo unaitwa kwa jina lake. Lakini itazame orodha ya vituo vyake. Cha kwanza, cha kuhudumia Afrika na Ulaya, alikiweka longitudo 30 mashariki. Chukua ramani ufuate mstari huo hadi unapokutana na ikweta: uko magharibi mwa Uganda, upande wa Kasese, karibu na Ziwa George, milima ya Rwenzori ikiwa kaskazini. Juu ya mbuga ambako watalii husimama leo wakipigwa picha na alama ya ikweta, ndipo kijana wa miaka 27 alipokitundika kituo chake cha kwanza, miaka 12 kabla ya Sputnik.

Kuna zaidi. Mwaka 1975 NASA iliiazima India setilaiti ya ATS-6 kwa mwaka mmoja, ili ifundishe kilimo, afya na elimu kwa televisheni katika vijiji vipatavyo 2,400. Ili iione India vizuri, setilaiti hiyo ilisogezwa hadi longitudo 35 mashariki. Wahandisi wa shirika la anga la India, ISRO, walimfungia Clarke dishi kubwa nyumbani kwake Colombo. Sri Lanka yenyewe haikuwa na kituo cha televisheni wakati huo, kilikuja 1979. Na dishi hilo lilitazama magharibi, kwa sababu longitudo 35 huikata ikweta magharibi mwa Kenya, katika vilima vilivyo jirani na Kisumu. Kwa mwaka mzima mzee huyo aliketi sebuleni akitazama picha zilizokuwa zikimfikia kutoka juu ya mashamba ya Wanandi. Waliokuwa chini yake hawakuwa walengwa, kwa kuwa antena ya setilaiti ilikuwa imeelekezwa India.

Mradi wa India ulimalizika Julai 1976. Desemba mwaka huohuo, wajumbe wa nchi za ikweta walikutana Bogotá, Kolombia. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwamo, pamoja na Kongo ya Brazzaville, Ekwado, Brazili, Indonesia na wenyeji. Walitangaza kwamba kipande cha mzingo ule kilicho juu ya kila nchi ya ikweta ni maliasili ya nchi hiyo, sawa na madini yake. Tanzania, iliyo kusini ya mstari, haikuwa na cha kudai. Mataifa makubwa yalilikataa tamko hilo kwa kutaja mkataba wa 1967 unaokataza dola yoyote kujimilikisha anga za juu, na nafasi za setilaiti zikaendelea kugawiwa kupitia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Kisheria hoja ya Bogotá haikufika mbali. Kama ilikuwa hoja ya kipuuzi ni jambo jingine.

Clarke hakuwa kipofu wa maswali hayo. Nusu ya riwaya yake ni ugomvi wa ardhi. Mhandisi Vannevar Morgan anakitaka kilele. Watawa wa Kibudha walioishi hapo kwa karne nyingi wanakataa. Shauri linafika mahakamani na watawa wanashinda. Kisha upepo usio wa kawaida, uliotokana na jaribio la kudhibiti hali ya hewa, unawabeba vipepeo hadi kileleni, na kwa mujibu wa utabiri wa kale vipepeo wakifika watawa lazima waondoke. Wanaondoka. Ni sura nzuri mno, na ni ujanja. Mwandishi asiyeruhusu kebo ikatike kinyume cha hesabu aliruhusu haki ya watu itatuliwe na wadudu. Je, lifti ingepangiwa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ambako wazee wa Kikuyu wamekuwa wakielekeza nyuso zao wanapoomba, angetafuta kipepeo gani?

Kwenye kebo, kinyume chake, hakujihurumia. Wazo hakujidai ni lake: alimtaja mhandisi Yuri Artsutanov wa Leningrad, aliyeliandika gazetini mwaka 1960, na Mmarekani Jerome Pearson, aliyelipigia hesabu upya 1975. Tatizo alilieleza wazi. Kebo ya unene mmoja ingehitaji kuhimili uzito wake kana kwamba ni kilomita 5,000 zinazoning'inia hapa chini. Waya bora wa chuma hukatika wenyewe kabla ya kilomita 50. Basi akabuni uzi wa kaboni iliyopangika kama almasi, mwembamba usioonekana kwa macho. Mwaka 1991 Sumio Iijima huko Japani akaeleza nanotyubu za kaboni, na ghafla wahandisi wakaanza kuzungumza kuhusu riwaya hiyo bila kutabasamu. Clarke alikuwa amezoea kujibu kwamba lifti itajengwa yapata miaka 50 baada ya watu kuacha kucheka. Kampuni ya ujenzi ya Obayashi ilitangaza mwaka 2012 kwamba ingependa iwe tayari 2050. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walikuza nanotyubu ndefu kuliko zote zilizotangulia. Ilikuwa na urefu wa nusu mita na kidogo.

Mlima, kwa upande wake, umeshaachwa. Tangu Bradley Edwards alipoifanyia NASA utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000, michoro mingi huifunga kebo kwenye jukwaa linaloelea baharini, kwenye ikweta, ili liweze kusogea kukwepa dhoruba na vyuma chakavu vinavyozunguka angani. Pwani yetu inayajua majukwaa ya baharini. Jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, lilirusha roketi hadi 1988, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, lilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Setilaiti ya Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 2023, kutoka California.

Ikweta yenyewe huiacha Afrika karibu na Kismayo na kuingia Bahari ya Hindi, ikielekea Maldivi na ile longitudo 75 tulivu. Sehemu kubwa ya maji hayo si ya nchi yoyote. Kebo ikifungwa huko, ikapanda hadi kwenye mzingo uleule ambao Nairobi, Kampala na Kinshasa ziliwahi kuudai vipande vyake, kibali kitaombwa kwa nani?